Je, Wajua? R.E.M., Bendi Iliyozaliwa Kanisani

Je, wajua kwamba R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, ilipiga shoo yake ya kwanza kanisani? Ilikuwa 5 Aprili 1980 mjini Athens, jimbo la Georgia, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao. Usiwaze kwaya! Kanisa lilikuwa kuukuu, halisaliwi tena, na wanabendi wawili walikuwa wamepanga humohumo. Lilibomolewa mwaka 1990, ukabaki mnara tu.

Walijuanaje? Peter Buck, mpiga gita, alikuwa muuzaji kwenye duka la santuri. Akatokea mteja, Michael Stipe, akawa anachukua zilezile santuri ambazo Buck alishaziweka kando azinunue mwenyewe. Wewe ungegomba. Wao wakaunda bendi!

Na jina je? Walifungua kamusi, wakaokota lililojitokeza. Basi.

Unaikumbuka Thriller ya Michael Jackson? Bila shaka. Sasa sikia: mwaka 1983 jarida la Rolling Stone liliipa ubora wa mwaka, mbele ya Thriller hiyo, albamu ya kwanza ya vijana hawa, Murmur, iliyokuwa imeuza nakala 200,000 hivi. Tena mwimbaji wao, Stipe, anamung'unya, hata Wamarekani wenyewe hawamwelewi vizuri!

Haya, Losing My Religion ya mwaka 1991. Buck alikuwa ndiyo kwanza amenunua mandolini, anajifunza kuipiga huku anatazama televisheni, kinasa sauti kikizunguka pembeni. Mazoezi hayo ya kwenye kochi yakazaa wimbo ulioshika nafasi ya 4 Marekani, na video yake ikabeba tuzo 6 za MTV. Mwanafunzi wa mandolini huyo!

Everybody Hurts nao una kioja. Inasemekana sehemu kubwa aliitunga Bill Berry, mpiga ngoma, lakini ngoma unazozisikia ni za mashine! Usitafute jina lake peke yake kwenye jalada, maana nyimbo zao waliziandika kwa majina ya wote wanne, nani katunga nini shauri yao. Bendi ngapi zingeepuka kesi kwa mtindo huo?

Shika kiti sasa, tuko 1995. Tarehe 1 Machi, jukwaani Lausanne, Uswisi, mshipa wa damu ulipasuka kwenye ubongo wa Berry. Akapasuliwa, akapona, na Mei akarudi kupiga ngoma! Umepumua? Bado. Julai, Mike Mills wa gita la besi akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Agosti, Stipe akapasuliwa ngiri. Wanne walioondoka nyumbani, watatu wamepita chini ya kisu, na ziara haikufa. Katikati ya vurugu hiyo walikuwa wakirekodi albamu nyingine, humohumo kumbini na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo!

Mwaka 1996 wakasaini mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 80. Mwaka uliofuata Berry akaaga, akaenda kulima majani ya mifugo. Ndiyo, majani! Ila aliwaambia wenzake: kama kuondoka kwangu kutaivunja bendi, nabaki. Hawakuivunja. Waliendelea watatu hadi 2011, wakafikisha albamu 15.

Juni 2024, wote wanne walipanda jukwaa moja New York, wakitunukiwa heshima ya watunzi wa nyimbo. Wakapiga wimbo mmoja tu, wakashuka!