Engalabi na Mitambo: Niliyoyasikia Njia ya Busia

Akitaka mtu kujua ngoma ya Uganda imefika wapi siku hizi, na akae Busia au Malaba wiki ya tamasha la Jinja, ayatazame mabasi yatokayo Nairobi. Vijana wateremka, waonyesha vitambulisho vyao, wavuka, wapanda tena. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho tu. Busia hiyo ndiyo iliyotuletea neno bodaboda, kwa wale wa baiskeli waliovusha abiria kutoka boda hadi boda, kwa hivyo kuvuka si jambo kubwa kwa wenyeji.

Tamasha lenyewe lilianza 2015, na jina lake ni Nyege Nyege. Najua wazee wa Mvita na Lamu watakunja uso. Kwa Kiganda maana yake ni hamu ya kucheza imjiayo mtu kwa ghafla, si hilo tulijualo sisi. Hata hivyo, mzee mmoja aliponiuliza ndani ya basi vijana wale waenda wapi, nilimjibu, “Waenda Jinja, mzee wangu,” nikanyamaza. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulipiga marufuku, na 2022 ikawa zamu ya wabunge. Mara zote mbili lilifanyika.

Lililonivuta mimi ni kundi la Kampala liitwalo Nihiloxica. Wapigaji wake ni Waganda wa kikundi cha utamaduni cha Nilotika, pamoja na Waingereza wawili: Spooky-J, apigaye ngoma za kizungu, na pq, mwenye vinanda na mitambo ya umeme. Aliyezoea msondo wetu hatapata taabu kuifahamu engalabi. Ni ndefu, imewambwa ngozi ya kenge, nayo hupigwa kwa viganja. Empuunyi hushika mdundo mzito wa chini; namunjoloba, iliyo ndogo, hujibu juu kwa vijiti. Mtambo hauongozi; hutambaa chini ya ngoma, ukivuma kama radhi iliyo mbali, na mara nyingine hukwaruza hata sikio likataka kukimbia. Sahani yao ya 2020 waliiita Kaloli, yule korongo mkubwa alaye takataka za Kampala, na kwa kweli si muziki wa kubembeleza mtoto.

Mbona basi nausifu? Kwa sababu mkono wa mpigaji haukufukuzwa kazi. Huko Gulu, Otim Alpha na Leo Palayeng walizitia nyimbo za arusi za Kiacholi ndani ya kompyuta, na mashine ikakaa mahali pa kundi zima. Ni muziki mtamu, tena haukuwa na gharama kwa watu waliotoka vitani, lakini waliokuwa wakipiga vibuyu wale nini? Sisi wa pwani twalijua swali hilo vizuri. Kinanda cha umeme kilipoingia katika taarab, fidla ngapi zilitundikwa ukutani? Singeli ya Dar es Salaam, ambayo vijana wake nao wamelipiga jukwaa la Jinja, ilianza kwa kuikimbiza taarab hiyo hiyo ndani ya kompyuta, na humo hutaona udi wala mpigaji wake.

Nihiloxica, kwa kuwa ngoma zao zahitaji mikono, hawawezi kutuma kanda tu Ulaya. Watu wenyewe sharti wasafiri. Hapo ndipo penye kikwazo. Mwaka 2022 ziara yao ya Uingereza ilivunjika kwa mambo ya viza. Mwaka uliofuata walitoa sahani nyingine, Source of Denial, yaani chanzo cha kukataliwa, wakaielekeza waziwazi kwa serikali zinazopenda ngoma ya Mwafrika na kumfungia mlango mpigaji.