Mzigo wa Frasila Mbili, Mpira wa Mita Mbili

Kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakatiza Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, kisha ikaishia Ujiji, mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo chake. Frasila moja ni kilo 16 hivi, na mzigo wa kawaida wa merikani au shanga ulikaribia frasila 2. Kipimo hicho kilikuwa na sababu. Safari ilichukua miezi; watu waliugua, walitoroka, walifariki, na wapagazi wapya waliandikwa Unyanyembe kwa kipande kilichobaki hadi ziwani. Mzigo ulioachwa na mmoja jioni ulipaswa uweze kuinuliwa na mwingine alfajiri. Lakini namna ya kuubeba haikuwa moja. Mnyamwezi aliuweka begani, mpagazi wa pwani aliutwika kichwani, na msafara ulikwenda hivyo hivyo, mabega na vichwa katika mstari mmoja.

Mwisho wa njia ile ndipo lilipo Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Na swali linalowagawa wapiga mbizi wa vina virefu ulimwenguni ni lile lile la mzigo: je, wote wavae vifaa vya aina moja, vilivyopangwa mwilini kwa namna moja, na wafunzwe kwa utaratibu mmoja, au kila mtu ajipange anavyoona inamfaa? Mpiga mbizi wa matembezi haelekezwi kupita mita 40, na akipata shida anaweza kupanda juu moja kwa moja. Anayeshuka zaidi ya hapo, au anayeingia pangoni au ndani ya meli iliyozama, hana njia hiyo. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Chini ya mgandamizo huo, naitrojeni iliyomo katika hewa huingia kwenye damu na nyama za mwili, na kuanzia mita 30 hivi huanza kulevya kama pombe. Mtu akipanda upesi, gesi hiyo hutoka kwa mapovu mwilini, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na mapovu hayo huweza kumpoozesha au kumuua. Kwa hiyo hupanda kwa vituo, akingoja dakika chache hapa na nyingi zaidi pale. Hewa ikimwishia kabla ya vituo kwisha, uhai wake uko kwenye mtungi wa mwenzake.

Mjadala huu ulipamba moto Florida, Marekani, ambako chemchemi zenye mapango ziliua watu wengi katika miaka ya 1960 na 1970. Sheck Exley, mwalimu wa hisabati na mzamiaji wa mapangoni, alivichambua vifo hivyo na mwaka 1979 akachapisha kijitabu cha kanuni zilizotokana navyo. Usiingie bila kamba inayofika hadi nje. Tumia theluthi ya hewa kwenda, theluthi kurudi, na theluthi iache kwa dharura. (Exley mwenyewe alifia majini Mexico mwaka 1994, akitafuta kina ambacho wachache mno wamewahi kukifikia.) Katika miaka ya 1990 watafiti wa mapango ya Wakulla, huko huko Florida, wakaenda mbele zaidi, wakasema kanuni pekee hazitoshi; vifaa navyo viwe sawa kwa kila mtu. Mmoja wao, Jarrod Jablonski, alianzisha mwaka 1998 shirika la Global Underwater Explorers, linalofundisha kwa msingi huo hadi leo.

Ili kuelewa wanachokitetea, kiangalie kifaa kimoja tu: mpira unaoleta hewa mdomoni. Kwa mpiga mbizi wa matembezi mpira ni mfupi, na kipumulio cha akiba hubanwa mahali fulani kifuani au ubavuni, kila mtu na mahali pake. Kwa hawa wengine, mpira una urefu wa mita 2 na kidogo. Hutoka kwenye mtungi wa kulia, hushuka mgongoni, hupita kiunoni, hukatiza kifua, huzunguka shingo kwa nyuma, ndipo huingia mdomoni. Kipumulio cha pili, chenye mpira mfupi, huning'inia chini ya kidevu kwa utepe wa kuvutika. Mwenzako akiishiwa, humpi cha akiba; unatoa kile kilichomo mdomoni mwako, naye anapata kitu ambacho sekunde iliyopita kilikuwa kinatoa hewa. Wewe unainamisha kidevu na kukidaka cha pili bila hata kutumia mkono. Na kwa kuwa mpira ni mrefu, mnaweza kupita tundu jembamba mmoja nyuma ya mwingine. Yote haya hufanyika gizani, katika matope, ukiwa na mtu ambaye hofu imemtoa akili. Atakaponyoosha mkono, mkono huo lazima ujue unakokwenda.

Hoja ya wapinzani nayo ina uzito. Wanasema maji hayafanani, basi vifaa vitafananaje? Mapango ya Uingereza ni membamba, yenye baridi na tope. Mtu aliyebeba mitungi miwili mgongoni hapenyi. Wazamiaji wa huko kwa miaka mingi wameifunga mitungi ubavuni, na wengi wamejitengenezea vifaa kwa mikono yao. Mwaka 2018, vijana 12 na kocha wao waliponaswa katika pango la Tham Luang, Thailand, waliowafikia kwanza, tarehe 2 Julai, walikuwa Waingereza wawili wa shule hiyo ya kujipangia, Rick Stanton na John Volanthen. Vifaa vyao havikufanana na vya askari wa majini wa Thailand, na kama sheria ya vazi moja ingefuatwa siku ile, wasingeingia. Mfano huu hutajwa kila mara dhidi ya usawa wa vifaa.

Naona mfano huo unasema jambo jingine ukiutazama hadi mwisho wake. Waokoaji walivaa kila mmoja chake, lakini waliookolewa, wote 13, walivishwa kwa mpango mmoja: barakoa ya uso mzima, mtungi kwa mbele, kishikio mgongoni. Zoezi la kuwabeba lilifanywa kwanza katika bwawa la kuogelea, kwa msaada wa watoto wa eneo lile. Ilibidi iwe hivyo, kwa sababu kila kijana alipita mikononi mwa watu kadhaa njiani, na kila aliyempokea alihitaji kujua bila kuuliza barakoa imekazwaje na hewa inatoka wapi. Alivyovaa mwokoaji ilikuwa juu yake, bega au kichwa. Kilichopokezanwa ndicho kilichokuwa frasila 2. Na hapo ndipo mstari unapopaswa kuchorwa. Kipumulio cha kumpa mwenzako, ishara za mikono, kamba ya kurudia, hesabu ya vituo na alama za mitungi haviwezi kuachiwa matakwa ya mtu, kwa kuwa haviishii kwake. Umbo la mapezi, uzito wa vazi, mitungi iwe mgongoni au ubavuni, hayo yafuate mwili na maji.

Alama za mitungi zinastahili neno la ziada. Mzamiaji wa vina virefu hubeba gesi zaidi ya moja: mchanganyiko wenye heliamu kwa chini, ili asilewe, na mara nyingi oksijeni tupu kwa kituo cha mwisho, mita 6. Oksijeni hiyo hiyo akiivuta katika mita 30 inaweza kumtia degedege, na degedege chini ya maji ni kuzama. Kwa hiyo kila mtungi huandikwa kwa tarakimu kubwa kina ambacho hakipaswi kupitwa, mahali ambapo mwenzake pia anaweza kupasoma. Mtu anayeweka alama anazozijua peke yake amemnyima mwenzake nafasi ya kumzuia.

Huku magharibi mwa Tanzania suala la hesabu ya vituo ni kubwa kuliko pwani. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni kama asilimia 91 ya ule wa Dar es Salaam. Majedwali ya kawaida ya vituo yametungwa kwa mtu anayeibukia usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 juu yake mafunzo hudai yarekebishwe. Aliyeshuka mita 30 Kigoma ahesabiwe kama aliyeshuka 32 au 33 baharini. Zaidi ya hayo, Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya bahari. Anayetoka majini Kigoma na kupanda treni jioni hiyo hiyo kurudi nyumbani Tabora anaendelea kupanda zaidi ya mita 400 akiwa na naitrojeni mwilini, na dalili zinaweza kumkuta katikati ya pori. Chemba ya mgandamizo ya matibabu wanayoijua wapiga mbizi wa nchi hii iko Matemwe, Unguja, upande wa pili kabisa wa Tanzania. Mpiga mbizi aliyefunzwa pwani na kuletwa ziwani huhitaji kuambiwa mambo haya kabla hajalowa, kwa utaratibu mmoja, si kila mwalimu kwa jinsi atakavyokumbuka.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri, na kwamba penye upungufu wa mitungi hakuna haja ya kubishania urefu wa mpira. Lakini fikiria namna uokoaji wetu unavyotokea. MV Bukoba ilipopinduka Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, tumbo la meli lilitobolewa ili kuwatoa walionaswa. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, nayo ikazama. Baadaye wazamiaji wa Afrika Kusini wakaja kusaidia kutoa miili. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika ziwa hilo hilo mwaka 2018, fundi wa mitambo alitolewa hai baada ya siku mbili kwa sababu palikuwa na hewa alipokuwa. Ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walitangulia kufika. Katika misiba ya namna hii askari, wavuvi na wageni hukutana kwa mara ya kwanza juu ya maji. Wasiofundishwa pamoja watafundishana saa ngapi? Mpira mrefu na utepe wa shingoni ni sehemu ndogo ya bei ya mtungi na mashine ya kuujaza, na ishara za mikono ni bure.

Kuna mapingamizi mawili ninayoyakubali. Watetezi wa usawa waliwahi kuwasema wenzao kwa maneno makali, wakaligeuza vazi kuwa kipimo cha akili, na wapiga mbizi wazuri wakawakimbia. Aidha mpira mrefu kwa mtu asiyeufanyia mazoezi kila mara utamnasa shingoni badala ya kumwokoa mwenzake. Mafunzo yasipotangulia, vifaa vinavyofanana havisaidii kitu.

Na mafunzo hayo hayaanzi kwa watu wasiojua lolote. Wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo Ziwa Tanganyika wanajua kwamba samaki wa kina kirefu hapandishwi kwa mkupuo, kwa kuwa kibofu chake cha hewa kitavimba na kumuua. Humtia katika kapu, wakalipandisha kidogo, wakaliacha, wakarudi baadaye kulipandisha tena, hata siku kadhaa. Kituo cha samaki kinaheshimiwa na kila mtu wa kazi hiyo. Pale kapu linaponing'inia kwenye kamba yake, panaweza kufungwa na mtungi wa akiba, wenye tarakimu kubwa ya kina na mpira wa mita 2, kwa yeyote atakayefika hapo akiwa hana hewa.