Je, Wajua? Mtandao Huchaguliwa Chumbani

Je, wajua kuwa vile vimistari vya mtandao juu ya kioo cha simu havina kipimo kimoja duniani? Kila kiwanda cha simu hujiamulia chenyewe vimistari vitatu viwe na maana gani. Weka simu mbili za aina tofauti mezani pale Bunju, Dar es Salaam, zote na laini za kampuni moja: moja inaweza kuonyesha vitatu na nyingine kimoja, ilhali mawimbi ni yaleyale.

Kipimo cha kweli kimefichwa ndani. Kwenye simu nyingi za Android fungua mipangilio, nenda kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa, ikifuatwa na herufi dBm. Kwa 4G, -85 ni mtandao mzuri. Ikifika -115 simu inahangaika. Kila namba hiyo inaposhuka kwa 10, nguvu ya mawimbi hubaki moja ya kumi. Kwa hiyo ukitoka barazani penye -90 ukaingia chumbani penye -110, umebakiwa na sehemu moja tu ya mia. Hapo ndipo mtu husikika akipiga kelele "haloo, haloo" huku anakimbilia uani.

Je, wajua kuwa bati kwa mawimbi ni kama kioo kwa mwanga? Yakiligonga hurudi yalikotoka. Katika nyumba nyingi za Chamazi na Mbande, mtandao huingia ndani kwa kupitia madirisha, milango na kuta, si juu. Tofali za saruji huyapunguza mawimbi, na zege lenye nondo huyapunguza zaidi. Maji nayo huyameza: kifaa cha intaneti kilichowekwa nyuma ya simtanki kinafanya kazi kwa shida bure. Kihamishie dirishani, upande ulioelekea mnara, kabla hujafikiria kununua kingine.

Masafa ya chini, kama 700, 800 na 900 MHz, hufika mbali na kupenya kuta vizuri kuliko 2100 au 2600. Ndiyo maana simu ikiingia chumba cha ndani huweza kushuka kutoka 4G hadi 2G: sauti inapita, WhatsApp inazunguka tu. Na si kila simu inashika masafa yote. Simu ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa masafa ya 4G ambayo mtandao wako unayatumia hapa, na lawama zote zikaishia kwa mtandao.

Betri inaisha mapema ukiwa nyumbani kuliko kazini? Simu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza nguvu ili isikike. Kwenye GSM ya masafa ya 900, simu ya mkononi huweza kupanda hadi wati 2.

Je, wajua kuwa matone ya mvua kwa kweli hayakati mawimbi kati ya simu yako na mnara? Masafa ya simu hupita kwenye mvua karibu bila kupungua. Kinachotusumbua masika ni mambo mengine: umeme kukatika na betri za mnara kuisha, majani ya miembe yaliyolowa, na viungo vya mawimbi baina ya mnara na mnara, ambavyo mara nyingi hutumia masafa ya juu sana yanayodhoofishwa na mvua kubwa.

Msongamano wa watu nao huathiri mtandao. Wakazi wa Dar es Salaam walikuwa 4,364,541 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imejenga pembezoni, kule Mabwepande, Toangoma na Chamazi, na wengi hurudi nyumbani jioni. Mnara uliotulia mchana, saa mbili usiku unagawanwa na watu wengi mno. Kujaribu laini mpya saa nne asubuhi hakukuambii kitu.

Je, wajua kuwa simu nyingi za laini mbili zina redio moja tu? Ukiongea kwenye laini ya kwanza, anayepiga ya pili huambiwa hupatikani. Mteja wako akilalamika kuwa simu yako haiingii, usikimbilie kulaumu kampuni.

Kampuni ya minara ya Helios Towers ilinunua minara ya Tigo, kisha ya Vodacom. Leo kampuni kadhaa hupanga kwenye mnara mmoja. Mnara ulio nyuma ya nyumba yako haukuambii mtandao gani unavuma kwako: kila kampuni ina antena zake, urefu wake na mwelekeo wake.

Basi uchague vipi? Tangazo na bei ya bando viweke pembeni kwanza. Omba ndugu, jirani na wageni wenye laini tofauti waingie nazo chumba unacholala, mlango ufungwe, saa mbili usiku. Piga simu, fungua video, soma ile dBm. Mtandao unaosifiwa Mbagala Rangi Tatu unaweza kuwa hafifu kabisa Kongowe.

Na je, wajua kuwa tangu 1 Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ileile? Nenda na kitambulisho kwa wakala wa mtandao unaoutaka, kisha kutoka kwenye laini yako tuma neno HAMA kwenda 15080. Kwanza tumia salio na utoe pesa zilizo kwenye laini, kwani havihami nawe. Tangu hapo 075 au 071 si hakikisho la mtandao, kwa hiyo soma jina kabla ya kutuma pesa.

Kama hutaki kuhama, lalamika. Anza kwa kampuni yako: taja mtaa, saa na namba ya dBm, na udai namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Wasipokujibu, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Malalamiko ya majirani kumi wa mtaa mmoja, yenye saa na vipimo, yana uzito kuliko hasira ya mtu mmoja. Yaandikeni wiki hii.