Mtu Mzima na Somo la Fizikia

Mtu mzima arudipo shuleni, baada ya miaka mingi ya kushika jembe au kalamu ya ofisini, aghalabu husoma historia na Kiswahili bila hofu. Lakini fizikia humtia baridi. Hudhani ni somo la vijana wenye bongo nyepesi. Sivyo. Mengi ya somo hilo ameyashika kwa mikono yake kabla mwalimu wake hajazaliwa. Alilokosa ni majina yake na hesabu zake.

Tuutazame mtaimbo. Kila mkulima aliyepata kung'oa jiwe shambani ajua kuwa egemeo huwekwa karibu na jiwe, na mkono mbali. Basi mwalimu na aanzie hapo, si ubaoni. Jiwe la kilo 60 lina uzito wa nyutoni 600 hivi. Egemeo likiwa sentimita 20 kutoka kwenye jiwe, na mkono mita 1 kutoka kwenye egemeo, nguvu ya nyutoni 120 yatosha. Je, nafuu hiyo ni ya bure? La, mkono hushuka sentimita 50 ili jiwe lipande sentimita 10.

Maneno ndiyo yenye taabu. Asimamaye saa nzima na gunia begani, fizikia yasema hakulifanyia gunia kazi yoyote, kwa kuwa halikusogea. Mtu aliyeshinda akibeba mizigo aweza kuudhika kuambiwa hivyo, na ana haki. Mwalimu asicheke, bali aeleze kwamba neno moja lina maana mbili. Mwanafunzi wa miaka arobaini akichekwa leo, huenda kesho jioni asirudi, na karo yake imekwenda.

Lakini mazoea nayo hudanganya. Uliza: jiwe dogo na jiwe kubwa, yakining'inizwa kwa nyuzi, lipi hubembea haraka? Wengi watasema kubwa. Wapime wenyewe kwa saa ya mkononi. Urefu kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe ukiwa mita 1, kwenda na kurudi mara 20 huchukua kama sekunde 40, jiwe liwe dogo au kubwa. Urefu ukipunguzwa hadi sentimita 25, huwa sekunde 20.

Jaribio hili si mchezo. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya fizikia ni ya majaribio, nayo ina alama 40. Darasa la jioni lisilo na maabara laweza kuanza kwa uzi, msumari na mawe, huku likiomba nafasi katika maabara ya shule ya jirani siku ya Jumamosi.