Je, Wajua? Jotoridi la Kiini cha Atomu Hupatikana kwa Kuhesabu

Je, wajua kwamba kiini cha atomu kina jotoridi? Hakuna kipimajoto kinachoweza kupenya humo. Wanafizikia huhesabu ngazi za nishati ambazo kiini kinaweza kukalia ndani ya kipande kidogo cha nishati. Idadi hiyo huitwa msongamano wa ngazi. Logi ya hesabu hiyo hutoa entropia. Nishati ikiongezwa na entropia ikapanda haraka, jotoridi ni la chini. Ikipanda polepole, jotoridi ni la juu.

Hans Bethe alitoa kanuni ya kukadiria msongamano huo mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Kanuni hiyo ingali inatumika.

Je, wajua kwamba viini hutofautiana mno? Kiini cha risasi-208, ambacho protoni zake 82 na nyutroni zake 126 zimejaza tabaka zao sawasawa, hakina ngazi yoyote juu ya ile ya chini kabisa mpaka ufikie megaelektrovolti 2.6. Urani-238 ina ngazi ya kwanza kwenye kiloelektrovolti 45 tu. Nayo ikimeza nyutroni iendayo polepole, hugeuka urani-239 yenye nishati ya takriban megaelektrovolti 4.8, na huko juu ngazi zinazoitikia nyutroni hizo hupishana kwa elektrovolti 20 hivi. Msongamano wa namna hiyo ndio unaowalazimu watu kutumia takwimu. Kutaja ngazi mojamoja hakuwezekani tena.

Je, wajua kwamba kipimo kinachosifika zaidi katika kazi hii kilizaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei? Siklotroni ya chuo hicho, mashine ya kuongeza kasi ya chembe, hurusha chembe nyepesi kwenye bamba jembamba la metali. Chembe inayotoka hupimwa nishati, na hapo hujulikana kiini kimebakiwa na kiasi gani. Papo hapo vigunduzi hunasa miali ya gama ambayo kiini hutoa kikishuka ngazi kwa ngazi. Kisha huja kazi ya ustadi, ninayoihusudu kuliko zote: kwa hesabu, mwali wa kwanza wa kila mteremko hutenganishwa na ile inayoufuata, kwa maana wingi wa miali hiyo ya kwanza umebeba habari za wingi wa ngazi zinazoipokea.

Je, wajua kwamba kiini huweza kuongezewa nishati na jotoridi lisipande? Vipimo vya Oslo kwa viini vya madini adimu, kama disprosi na iterbi, vilionyesha hivyo. Ni sawa na maji yaliyokwisha kuchemka: chochea mkaa upendavyo, hayazidi nyuzi 100. Ndani ya kiini, nishati hiyo hutumika kuvunja jozi, kwa sababu protoni hupenda kwenda mbili mbili, na nyutroni vilevile. Jotoridi lenyewe ni kama nusu megaelektrovolti, yaani takriban kelvini bilioni 5.8. Kitovu cha Jua, chenye kelvini milioni 15, hakifikii hata sehemu moja kwa mia tatu.

Nyutroni moja isiyo na mwenza huongeza idadi ya ngazi mara tano hadi saba hivi.

Je, wajua kwamba hesabu hizi zinahitajika kueleza dhahabu ilikotoka? Nyota za nyutroni zinapogongana, viini humeza nyutroni upesi upesi, na msongamano wa ngazi ni miongoni mwa mambo yanayoamua kasi ya kumeza. Viini hivyo huoza haraka, hata haviwezi kufanywa bamba la kurushiwa chembe. Kwa hiyo mwaka 2014 kundi lililoongozwa na Artemis Spyrou huko Michigan, Marekani, lilitangaza njia nyingine: kiini cha mzazi huachwa kioze kwa beta, kisha miali ya gama ya mtoto wake huchambuliwa kwa mbinu ileile ya Oslo.

Barani Afrika vipimo hivi hufanywa iThemba LABS, karibu na Cape Town, kwa ushirikiano na watafiti wa Oslo.