Rivolva kuukuu: fedha ya fundi yafaa mpaka wapi?

Ndugu mmoja mzaliwa wa Kibokoni, ambaye siku hizi ni dereva wa malori huko Ohio, Marekani, ameniletea swali ambalo kwetu huku ni geni kidogo. Amenunua rivolva ya zamani, Smith & Wesson Model 19, kwa dola 600. Fundi bunduki wa mjini kwake amemwambia kuwa kwa dola 850 ataigeuza ipendeze kushinda mpya. Atalainisha mitambo ya ndani, ataukata mtutu kutoka inchi 6 hadi 3, ataitoa rangi yake ya buluu iliyokoza na kuipaka nikeli ya kung'aa, kisha atabadilisha mpini wa mbao. Anauliza: yafaa, au ni kutia pesa baharini?

Mimi diploma yangu ni ya mekanika, si ya silaha, lakini chuma ni chuma. Na swali lenyewe twalijua vizuri hapa Pwani, ila huja kwa sura nyingine. Ni nani asiyemjua mtu aliyerithi sanduku la njumu au mlango wa nakshi, akaupiga msasa na vanishi ya dukani hadi ukameremeta, halafu mnunuzi akaja akautazama na kwenda zake? Fedha ilitoka na thamani ikashuka.

Jibu langu kwa ufupi: alipe kuiponya, asilipe kuigeuza. Lakini hilo lahitaji maelezo, kwa sababu katika rivolva mpaka baina ya kuponya na kugeuza hauonekani kwa macho ya haraka.

Rivolva ni bastola yenye silinda ya matundu, aghalabu sita, na kila tundu lakaa risasi moja. Ukivuta kifyatulio, silinda yazunguka, tundu lajipanga sawasawa na mtutu, nyundo yapiga kitako cha risasi. Yote hayo hufanywa na vipande vichache vya chuma vinavyosukumana ndani, vilivyotiwa tupa kwa mkono wa fundi kiwandani. Ndiyo sababu bastola hizi zilidumu. Smith & Wesson walitoa ile yao ya Military & Police mwaka 1899, baadaye ikaitwa Model 10, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Hii Model 19 ya ndugu yetu ni dada yake mwenye nguvu zaidi. Ilitoka mwaka 1955, baada ya Bill Jordan, afisa wa doria ya mpakani, kuwashawishi kiwandani wamtengenezee askari bastola nyepesi ya kubeba siku nzima, lakini inayopiga risasi kali ya .357 Magnum.

Na hapo ndipo penye ugonjwa wake. Fremu ni ile ile ndogo ya Model 10, risasi ni kubwa. Ili mtutu uingie katika fremu hiyo, mdomo wake wa nyuma, pale risasi inapotoka kwenye silinda na kuingia mtutuni, ulichongwa bapa upande wa chini. Pakawa pembamba. Askari walipozidi kufanya mazoezi na risasi kali zenye kichwa chepesi, baadhi ya mitutu ikapasuka hapo hapo. Kampuni ikajibu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kutoa fremu kubwa zaidi, zile za Model 586 na 686. Model 19 ya asili ilisimamishwa mwaka 1999, na iliporudi mwaka 2018 mtutu wake ulikuwa umebuniwa upya.

Kwa hiyo kabla ya fundi yeyote kutaja bei, ndugu yetu ahakikishe bastola haina risasi hata moja, afungue silinda, amulike tochi mdomo huo wa nyuma. Ukiwa na ufa, mjadala umekwisha. Mtutu mwingine wa namna hiyo ni shida kupatikana, na hata ukipatikana, kuufunga na kuupima ni kazi ya mtu mjuzi inayoweza kula bei ya bastola nzima. Nikeli juu ya mtutu uliopasuka ni hina kwenye mkono uliovunjika.

Ukiwa mzima, kuna mambo mengine mawili ya kutazama. La kwanza ni kama silinda hujifunga barabara kila tundu linapofika mahali pake, au huchelewa na kubaki kando kidogo. Ikichelewa, risasi yaweza kuingia mtutuni kwa ubavu na kunyoa risasi pembeni, na vipande vikamrukia aliyesimama karibu. La pili ni ule mwanya kati ya silinda na mtutu. Kwa kawaida huwa kama milimita 0.1 hadi 0.2. Ukizidi sana, na silinda ikienda mbele na nyuma ukiisukuma kwa kidole, chuma kimelika. Kasoro hizi zote hurekebishika, na hapa nasema bila wasiwasi: alipe. Springi zilizochoka zibadilishwe, mafuta yaliyoganda miaka 30 yasafishwe, silinda iwekwe sawa. Hiyo ndiyo sehemu ndogo ya zile dola 850, na ndiyo yenye faida pekee isiyo na ubishi, kwa sababu bastola itafanya kazi iliyoundwa kufanya.

Kulainisha kifyatulio ni jambo la kuulizana vizuri na fundi. Kusugua kidogo vipande vya ndani ili visikwaruzane ni sawa, na rivolva za zamani hupokea kazi hiyo vizuri. Hatari ni njia ya mkato ya kulegeza springi ya nyundo. Kidole kitafurahi, lakini nyundo nayo itapiga kwa uvivu, na zipo risasi ambazo kitako chake ni kigumu, zitakataa kulia. Watu wa mashindano hulimudu hilo kwa kuchagua risasi zenye kitako laini au kujitengenezea wenyewe. Mtu anayeiweka bastola chumbani kwa ajili ya mwizi wa usiku hana nafasi ya kuchagua wakati huo. Akisikia "tik" badala ya mlio, pesa aliyolipa ndiyo iliyomponza.

Sasa mtutu na nikeli. Mtutu ukishakatwa haurudi. Shabaha ya mbele huondoka na kipande kilichokatwa, yabidi itengenezwe nyingine na kuwekwa sawa, la sivyo bastola hupiga juu au chini ya pale unapolenga. Na mtutu mfupi kwa risasi ya .357 ni mshindo na mwale wa moto zaidi, na kasi ya risasi hupungua. Yaani atalipa ili apate bastola inayopiga vibaya kuliko aliyokuwa nayo. Kama alitaka fupi, angenunua fupi. Viwanda vinaziuza.

Nikeli ni hasara ya aina nyingine. Wakusanyaji wa silaha kuukuu Marekani hutazama rangi ya kiwandani kama vile mjuzi wa Lamu atazamavyo nakshi ya mlango: kuchakaa ni umri, na umri una bei. Ili kupaka upya ni lazima kwanza uso usuguliwe. Hapo ncha kali hulika, na chapa na namba zilizochongwa hufifia. Bastola yaweza kutoka inameta kama sinia la harusi, na mwenye duka akatoa kidogo kuliko alivyoinunua ikiwa na mikwaruzo.

Kwa anayedhani natia chumvi, atazame yaliyozikuta Webley. Hizi ni rivolva za Waingereza, ambazo maafisa wao walizivaa kiunoni kila walikotawala, na huku kwetu pia. Mark VI ilianza mwaka 1915 na ilitumia risasi yake maalumu ya .455. Baada ya Vita vya Pili nyingi ziliuzwa Marekani kama mabaki ya jeshi. Risasi za .455 zikawa adimu huko, lakini za .45 za bastola ya jeshi lao zilikuwa tele. Wauzaji wakafanya ujanja wa kunyoa sehemu ya nyuma ya silinda ili ipokee .45. Mteja alifurahi. Kumbe risasi hiyo ya kiwandani ina msukumo mkubwa kuliko ule ambao Webley ziliundwa kuubeba kila siku, na zipo zilizoharibika kwa sababu hiyo. Leo mnunuzi wa Webley jambo la kwanza analoangalia ni mgongo wa silinda, kama umenyolewa. Ambayo haikuguswa ndiyo yenye bei.

Si kwamba kazi ya fundi haina thamani kabisa. Kati ya vita viwili vya dunia, John Henry FitzGerald wa kampuni ya Colt alikuwa akikata mitutu na kuondoa sehemu ya mbele ya kinga ya kifyatulio. Leo bastola iliyopitia mkononi mwake, na ina barua ya kumbukumbu za kiwanda kuthibitisha, hutafutwa kwa pesa nyingi. Bastola iliyokatwa vivyo hivyo na fundi asiyejulikana ni chuma kilichokatwa tu. Tofauti ni jina na karatasi. Fundi wa Ohio huenda ni hodari, lakini dola 850 zake hazitamfuata ndugu yetu siku ya kuuza.

Kuna rivolva moja tu ambayo ningesema ichezewe upendavyo: ile ya kawaida, iliyonunuliwa rahisi, ambayo tayari mtu mwingine aliipaka rangi na kuikwaruza, lakini ndani ni nzima. Hiyo haina heshima ya kupoteza. Polisi wa Marekani walipohamia bastola za magazini katika miaka ya 1980 na baadaye, Model 10 za namna hiyo zilijaa madukani. Hata hapo mtu afanye hesabu kwanza. Bei ya kuukuu pamoja na ya fundi ikipita bei ya rivolva mpya yenye dhamana, basi analipia raha yake, na ajue hivyo mapema. Raha si haramu, lakini isiitwe akiba.

Lipo jambo jingine ambalo hakuniuliza, nami nalisema kwa wote walio huko. Ndugu yetu ana kibali cha ukaazi wa kudumu, na sheria ya Marekani yamruhusu mwenye kibali hicho kumiliki silaha akitimiza masharti ya jimbo lake. Aliye huko kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vipengele vichache kama leseni ya kuwinda. Na hata mkaazi wa kudumu akihukumiwa kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao. Fundi anayefanya kazi hiyo kama biashara ni lazima awe na leseni ya serikali kuu. Aulizwe leseni kwanza, bei baadaye.

Kwa hiyo nimemwandikia hivi: akague mdomo wa mtutu, alipie springi, usafi na silinda, aombe risiti iliyoandikwa kila kilichofanywa. Mpini wa mpira anunue akitaka, ni skrubu moja tu kuubadilisha, na ule wa mbao aufunge kwa kitambaa auweke. Mtutu na rangi asiguse. Na mwezi wa Disemba akija likizo, asiwaze kuipitisha uwanja wa ndege wa Moi kama zawadi ya kuonyesha jamaa. Kuwa na silaha hapa Kenya bila cheti ni jinai chini ya Sura ya 114, hata kama haina risasi.