Saa ya babu ikiingia baharini

Kijana wetu mmoja anasoma Chuo Kikuu cha New South Wales, pale Kensington, Sydney. Alipoondoka Muscat alivishwa saa ya kuzamia ya marehemu babu yake. Kutoka Kensington hadi ufukwe wa Coogee si mbali, naye akawa anaogelea kila Jumamosi. Haukupita muda akatupigia simu: kioo kimeingia ukungu kwa ndani.

Usoni imeandikwa mita 200. Vipi basi ishindwe na maji ya kuogelea tu? Maandishi yale ni ahadi ya siku ilipotoka kiwandani. Kinachozuia maji ni mipira myembamba iliyo kwenye kioo, kwenye kifuniko cha nyuma na kwenye kifundo cha kutilia ufunguo. Mpira huzeeka hata saa ikiwa kabatini, na yetu ilikaa kabatini tangu mzee afariki. Tungeipeleka kwanza kwa fundi aipime kwa presha, kazi ya dakika chache. Anayeogelea na saa yake aipimishe kila mwaka.

Ukungu ukionekana, usiianike juani ukangoja ukauke. Maji ya chumvi huanza kula chuma mapema, kwa hiyo saa ifike kwa fundi haraka. Ikiwa nzima, isuuze kwa maji baridi kila utokapo baharini, hakikisha kifundo kimekazwa, na usikiguse ukiwa majini. Usioge nayo kwa maji ya moto wala kuiacha ndani ya gari kiangazi cha Ghuba. (Wanaoivua wakitawadha na kuisahau kwenye sinki, hao fundi hawawezi.)

Sevisi kamili ni kila miaka 5 hadi 10. Saa nyingi za kisasa hupiga mara 28,800 kwa saa moja; mafuta yakikauka, chuma husagana, nayo huanza kuchelewa au kusimama usiku ingawa kamani imejaa. Fundi huifungua yote, huiosha, huipaka mafuta mapya na kubadilisha mipira.

Hapo ndipo penye hatari nyingine. Fundi wa kule aliuliza kama tunataka uso mpya na bodi ing'arishwe. Tulikataa. Wasomaji wetu wanazijua saa za Rolex zenye khanjari usoni, Submariner na Sea-Dweller, alizokuwa akizawadia Sultan Qaboos, Mwenyezi Mungu amrehemu, miaka ya 1970, zikiagizwa kupitia duka la Asprey la London. Ukibadilisha uso wa saa kama hiyo, khanjari imekwenda na historia yake. Ya babu haina khanjari, ina mikwaruzo yake tu, lakini hatukutaka ifutwe. Andikisha kwenye risiti: uso na mishale isiguswe, bodi isisuguliwe, vipande vya zamani virudishwe.

Vyetu vilirudi ndani ya kibahasha. Mipira ilikuwa imekauka, ukiikunja inakatika.